Bakuli la Baba Mdogo

Harufu ya mashudu ya alizeti ikinipata popote, narudi kijijini kwetu Unyambwa, miaka ile ya ruksa, biashara huria iliporuhusiwa, mashine za watu binafsi za kukamua mafuta zilipoanza kunguruma na kila nyumba ikataka redio. Msimu ule wa mavuno baba mdogo, aliyerudi kutoka vita vya Uganda nikiwa mtoto wa kubebwa, alikuwa bado anakula peke yake. Bakuli lake la bati lilikaa kando ya ghala, nasi watoto tulikatazwa kuligusa. Nilidhani anaringa, na roho iliniuma, maana nilimpenda sana.

Kumbe ilikuwa mila. Katika ukoo wetu, aliyeua vitani hali katika chungu kimoja na ndugu mpaka wazee wamtakase, nao humtaka kwanza aeleze alimuua nani, alikuwaje, aliangukia wapi. Babu alitakaswa hivyo enzi za mikuki. Alimkumbuka mtu wake hadi kovu la shavuni. Baba mdogo kila alipoitwa hakuwa na la kusema. Jioni moja redio ilikuwa ikisimulia vita vya Ghuba, na makombora yanayojiongoza yenyewe, akaizima.

"Mama," alimwambia bibi, "mimi nilikuwa kwenye mizinga. Tulipewa namba za shabaha, tukafyatua, kombora likaenda huko nyuma ya vilima. Nimtaje nani? Pengine nimeua kijiji. Pengine nimeua mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Bibi, ambaye kwa mila alikuwa mkali kuliko wazee wenyewe, aliendelea kupepeta mtama. Kisha akaweka ungo chini, akanawa, akaketi kando ya ghala na kumega ugali katika bakuli lile.

"Wazee na wasubiri jina," alisema. "Mimi nimesubiri mwanangu vya kutosha."

Baba mdogo alilia na tonge mkononi. Kesho yake tulikula naye sote.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu ndege za vita zisizo na rubani, akisifia shabaha ya anayeziongoza akiwa kitini, nchi nyingine kabisa. Huyo anamwona mtu wake waziwazi kwenye kioo. Angeweza kuwaeleza wazee kila kitu, hata kovu. Lakini akimaliza zamu anarudi nyumbani, anaketi kula na wanawe, na hakuna anayemuuliza.