Unywele wa Kioo Mezani kwa Wakwe

Hii ni aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka ghafla najikuta nimefunga macho, na msifikiri naisimulia kwa sababu imepoa, la, naisimulia kwa sababu mmeniuliza mara nyingi kwa nini siwezi kutoka kazini bila kukung'uta nguo kama mtu aliyekalia siafu.

Miaka ya tisini nilikuwa nasoma kozi ya nyaya za kioo katika chuo kimoja pale Thika, zile nyaya zinazopitisha simu kwa mwanga, kitu kigeni sana wakati huo (majirani zetu Ruiru waliamini nasomea kutengeneza madirisha). Mwalimu wetu, Bwana Nderitu, alitumia somo zima la kwanza kutusomea masharti: miwani machoni kila wakati, hakuna kula maabara hata peremende, kila kipande unachokata unakibandika kwenye tepu nyeusi kisha kinaingia ndani ya chupa yenye kifuniko, na hakuna kipande, hata kiwe kifupi kuliko kucha, kinachotoka kwa ule mlango. "Kipande usichokiona," alisema, "hesabu umeshakimeza." Tulicheka sana, mimi nikiwa mbele.

Basi ikafika wikendi ya ruracio ya dada yangu Wairimu, wazazi wa mchumba wake, Mburu, walikuwa waje naye kwetu kutoka Kalimoni kuzungumza mahari, na mimi nikaamua kuondoka chuoni na uzi mmoja wa kioo, nimeukunja ndani ya leso. Sikuwa na nia mbaya. Baba alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya kahawa maisha yake yote na hakuwahi kuweza kumweleza mtu ninasoma nini, nikataka tu siku moja aone kwa macho.

Niseme pia kwamba Wairimu alimpenda Mburu vibaya sana, na kila mtu alijua mamake Mburu hakumtaka, alikuwa anatafuta tu sababu. Kwa hiyo Mama na shangazi walikuwa jikoni tangu alfajiri, mukimo wa viazi vya kuponda, mbuzi, maharagwe ya njahi, chapati, na Wairimu mwenyewe hakukaa chini hata kidogo.

Chakula kilikuwa kimeshawekwa mezani mazungumzo yalipokwama kwenye idadi ya mbuzi wa mahari. Wazee kila mmoja akatazama ukuta. Baba akaona apoze mambo. "Kariuki," akaniita, "hebu onyesha wageni ile kitu unasomea."

Ningesema nimeisahau chuoni, mambo yangekwisha. Badala yake nikavuta pazia, nikamenya ncha ya uzi ili kioo chenyewe kionekane, nikaweka tochi upande mmoja, na upande wa pili kikatokea kinukta cha mwanga. Wageni wakaguna kwa mshangao, hata mamake Mburu akatabasamu, na Baba (namwona hadi sasa) akawa anaelezea kana kwamba yeye ndiye mwalimu. Ami yake Mburu, ndiye alikuwa msemaji wao, akasema nimpe aushike, akaukunja pale nilipomenya, vile mtu hupima fito kama ni mbichi.

Ukakatika. Vipande vikaruka juu ya meza, juu ya sufuria zilizofunuliwa. Nikapiga magoti, nikatafuta na tochi, nikavipata, lakini nilipovipanga ncha kwa ncha kimoja kilikosekana, na sote tulikuwa tumeviona vikiruka. Shangazi akachukua mwiko aanze kupakua.

"Msile," nikasema.

Nikaeleza kwamba kioo hicho ni chembamba kama unywele, kwamba kikiingia kwenye mukimo hakuna mtu atakiona, na mtu akikimeza hakuna daktari atakitoa. Mama akasema pengine kimeanguka chini. Ami akaweka sahani yake mezani polepole. "Sisi tumewahi kunyimwa msichana," akasema, "lakini kunyimwa chakula tukiwa tumenawa mikono, hiyo ni mpya. Kama mbuzi zetu ni chache mngesema tu, si kutuletea hadithi ya nyuzi."

Mburu alijaribu kuongea, mamake akamshika mkono. Wakaondoka hata chai hawajaonja. Baba alichimba shimo nyuma ya nyumba akazika kila kitu, hata mbwa hakupewa, na Mama alisimama mlangoni na aproni mpya aliyoinunua kwa siku ile, akitazama. Nilikuwa tayari mtu anipige, hakuna aliyenipiga.

Katikati ya wiki ujumbe ukaja kutoka Kalimoni kwamba wasisumbuliwe tena. Mburu alikuja mara moja, wakaongea na Wairimu langoni, hakurudi. Jumamosi nikiwa nyumbani Wairimu alikuwa anafua (alifua hata nguo zangu, hivyo ndivyo alivyo), nikamwona amesimamisha mikono ghafla ndani ya karai. Akatoa shati langu la siku ile ya ruracio, kitu kimemchoma kwenye pindo la mkono, na kidole chake kikatoa damu kidogo.

Akakigeuza kidole kwenye jua mpaka akakiona kile kipande cha kioo kiking'aa. "Kumbe kilikuwa kwako," akasema. "Chakula kilikuwa sawa." Kisha akaendelea kufua.

Nilimaliza ile kozi, nikafanya hiyo kazi, na niliapa sitatoka tena na hata chembe, kiapo ambacho sijakivunja. Vijana ninaowafundisha hucheka nikiwasomea masharti. Ila Wairimu hakuolewa, na nikimtembelea hunipakulia vizuri, hunikaribisha vizuri, halafu huenda kula sahani yake jikoni, peke yake, na sijawahi kupata ujasiri wa kumwambia aje tukae pamoja.