Talaka Yangu Ilipokwenda Misri

Mpaka leo mtu akinitajia ule mfereji wa Misri, damu hunichemka. Sijauona mimi, wala mume wangu hakuwahi kuuona, wala hao wote waliokuwa wakitoka mapovu midomoni kwa ajili yake. Lakini ndoa yangu ilikwenda kutundikwa huko, na sikuulizwa.

Tulikuwa tukikaa Gazi. Yeye alikuwa akikata boriti kwenye mikoko, mimi nikisuka makuti ya kuuza na kumlea mtoto wetu wa kwanza, ndiyo kwanza anasimama dede. Mwaka huo wa hamsini na sita muuza kahawa wa kijijini alinunua redio ya betri, basi wanaume wakapata kazi mpya. Wakishaswali alasiri, moja kwa moja kwenye mabenchi ya kahawa. Vita vilipozuka, Mwingereza na Mfaransa na Mwisraeli upande mmoja, Misri peke yake upande wa pili, loo! Kila mtu akawa jemadari.

Mume wangu alikuwa upande wa Misri, na hapo simlaumu. Mimi pia nilikuwa upande wa Misri, ijapokuwa hakuna aliyeniuliza. Mfereji uko kwao, umechimbwa kwao, sasa mgeni anakuja na manowari kusema ni wake? Lakini pale barazani palikuwa na jirani yetu mmoja aliyepigana vita vikuu vya pili huko Bama, chini ya bendera ya Mwingereza, na huyo alikuwa akisema, "Nyie hamjamwona Mwingereza akipigana. Mimi nimemwona. Misri haimalizi wiki." Wakabishana, wakatiana vidole vya macho. Mume wangu, kichwa kikavu, akasimama mbele ya watu akaapa: "Wallahi, Mwingereza akishinda vita hivi, mke wangu nimemwacha!"

Ati nimemwacha! Mimi wakati huo niko jikoni nakuna nazi ya mchuzi wake.

Habari nilizipata kisimani. Jirani alinitazama kwa huruma, akaniambia, "Mwenzangu, hujasikia? Talaka yako iko Misri." Nikadhani ananitania. Niliporudi nyumbani nikamuuliza mume wangu, naye akasema, "Ni maneno ya barazani tu. Kwani unadhani Misri itashindwa?" Hakusema pole. Alinieleza habari za ndege na mizinga.

Lakini kiapo cha talaka si maneno ya barazani. Mashahidi walikuwa wamejaa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipoulizwa akasema talaka imefungwa kwa sharti: Mwingereza akishinda, imeanguka, asiposhinda, ndoa ipo. Na kwa kuwa mambo hayajulikani, mke akae kwao kwanza, watu wasije wakaishi katika shaka. Nikafunga mkeka na nguo, nikambeba mwanangu mgongoni, nikarudi kwa mama Msambweni.

Hapo ndipo udhia ulipoanza. Habari zikaja kwamba Mwingereza ameteremsha askari na ameshika bandari. Yule wa Bama akasema, "Si nimewaambia? Kashinda, na mke kaachika." Mume wangu akasema Misri haijasalimu amri. Kisha ikasemwa vita vimesimamishwa, Mmarekani kamkasirikia Mwingereza. Je, aliyesimamishwa kashinda au kashindwa? Wakagawanyika. Anayesema Mwingereza kashinda huambiwa ana husuda, anataka mwenzake aachike. Anayesema Misri imeshinda huambiwa anamwonea haya rafiki yake. Wapo walioacha kusalimiana, watu wa msikiti mmoja! Wanawake walionipenda wakawa wanaiombea Misri kila swala, na mimi nikaona aibu, kwa sababu kule watu walikuwa wakifa kweli.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Mwaka huohuo, Diani, mzungu alikuwa amezungusha seng'enge kwenye minazi ya shangazi yake huyohuyo mume wangu, anasema anajenga nyumba ya kupumzikia. Shangazi alilia mbele yetu. Je, mume wangu aliapa? Alisimama? Aliinamisha kichwa akasema, "Serikali ina nguvu." Lakini kwa mfereji wa Misri alikuwa simba. Na alichokiweka rehani hakikuwa panga lake wala boriti zake. Alinikuta mimi ndiye mwepesi wa kutolewa.

Na hakuja. Siku zikapita, wiki zikapita, mtoto akaanza kutembea, hakuja kuniuliza nimekula nini. Mama alikuwa akiniambia, "Subiri, mwanangu, Misri itashinda." Nikamwambia, "Mama, hata wewe?"

Siku moja baba mkwe akafika na wazee wawili. Nikawaamkia shikamoo, nikawatandikia mkeka, nikawapa maji. Walikuwa wamejaa furaha. Mwingereza anapanda meli zake, anaondoka, redio imesema. Mwalimu ameridhika. "Hukuachika, mwanangu," akasema baba mkwe. "Funga vitu vyako twende."

Nikauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Mzee mmoja akajibu, tena bila haya, "Yuko barazani. Watu wanampongeza."

Wanampongeza! Nikazivua bangili za fedha alizonioa nazo, nikaziweka mkekani mbele ya baba mkwe. "Baba, mpelekee mahari yake. Naomba khului, nijikomboe mwenyewe katika ndoa hii."

"Ebo! Mwanangu, uvunje nyumba kwa jambo la mchezo?"

"Aliyenichezea ni yeye, baba, mbele ya kijiji kizima. Mara hii Misri imeshinda. Kesho kutakuwa na vita kwingine, na redio bado ipo, na mimi nitakuwa jikoni nakuna nazi, sijui kama ni mke au si mke."

Baba mkwe akamgeukia mama, akimtazamia aniseme. Mama alikuwa ameshaziokota zile bangili. Akazifunga vizuri katika kipande cha kanga, akamtilia mkononi, akamwambia, "Safari njema, mkwe. Jua linazama."