Restituta na Mlango wa Seli

Restituta wa Mbamba Bay alianza kukohoa kabla hajajua kusoma. Alipokuwa mtu mzima, serikali ikiwa imeruhusu kila mtu kufanya biashara, akawa anapandisha usipa mkavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kuuza Mbinga. Kikohozi kilimwandama hata huko, na miguuni vidonda vilichimbika visipone. Alimezeshwa dawa za kifua kikuu, tena na tena, ilhali makohozi yake hayakuonyesha kitu. Sokoni wanawake walinong'ona kuhusu ule ugonjwa wa siku hizi. Alipima, hakuwa nao. Minong'ono haikukoma.

Daktari Nazari wa hospitali ya misheni alikataa kubahatisha. Alichukua damu ya Restituta, na ya mdogo wake Glorious aliyekuwa ameanza kukohoa vilevile, akaipeleka kwa watafiti ng'ambo. Majibu yalikawia mno. Yalipofika, aliwaita pamoja na mama yao, Hildegardi.

"Virusi vikiingia kwenye seli, seli huvikatakata," alisema. "Vipande hupitishwa na protini iliyo kama mlango kwenye utando wa ndani, halafu hupachikwa kwenye protini nyingine inayovipandisha juu ya seli. Askari wa mwili wakiviona, wanajua seli hiyo imevamiwa. Ninyi mlango huo hamna. Mmezaliwa hivyo."

"Kwa hiyo askari tunao?" Restituta aliuliza.

"Mnao. Ila hawaonyeshwi adui."

Mama Hildegardi alishika kichwa. "Jamani, nimewazaa na balaa!"

"Hapana, mama. Wewe na baba yao kila mmoja alibeba kasoro bila kujua. Kwa watoto zimekutana. Hakuna aliyekosea."

Dawa ya kurudisha mlango haikuwapo, naye daktari hakuwaficha. Aliwafundisha kulala kichwa kikiwa chini ya kiuno, mgongo upigwepigwe kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe mpaka makohozi yatoke, na kuwahi hospitali kila homa inapoanza.

Restituta alilia njiani, lakini moyo ulikuwa mwepesi, kwa kuwa sasa alijua kinachomsumbua. Mapafu yake yalishaharibika kiasi. Ya Glorious bado. Kila asubuhi akawa anamlaza mkekani.

"Dada, unanitwanga kama mahindi!"

"Kohoa kwanza, utanitukana baadaye."

Glorious akanenepa. Alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mama alisita: nani angempiga mgongo huko? Restituta ndiye aliyemsindikiza. Bwenini akamtafuta msichana wa kitanda cha jirani, akamkunja kiganja kama kikombe, akamwonyesha mahali pa kupiga mgongoni mwa Glorious.