Siku Mama Alipovaa Gauni Langu

Jamani, aibu hii nimeikalia miaka na miaka, na leo naitoa kwa kuwa ninyi ni wenzangu, ila mkicheka sana nitanyamaza.

Wakati ule wa vita tulikaa Changamwe, baba akifanya kazi ya reli, na jioni moja likaja lori la sinema, kikatundikwa kitambaa cheupe uwanjani, tukaoneshwa baba na mwanawe waliobadilishana miili (kwa uchawi gani sijui, maneno yalikuwa ya Kizungu), baba mzima akapelekwa shule akachapwa, mtoto akaenda ofisini kuamrisha makarani. Mama alicheka hadi akashika mbavu.

Asubuhi yake baba kaenda kazini, mama akaniambia, "Esta, leo wewe ni mimi." Nikakubali, nikajifunga leso zake, nikakaa kitini nikimtuma huku na huku, naye (mwili wake si haba) akajisukumiza ndani ya gauni langu la kanisani, vifungo vikilia, akatoka uani kuosha vyombo.

Mara, "Hodi wenyewe!" Nikadhani ni jirani yetu mpenda utani, nikakaza sauti: "Karibu, mimi ndiye Mama Esta, huyo binti yangu mvivu hajafagia hata mlango!"

Wakaingia mzee na mama mmoja, wamevaa vizuri, nisiowajua. Kumbe ni ami na shangazi wa Yona, kijana aliyetaka kunioa, tuliowatazamia Jumapili! Ningesema kweli pale pale yangeisha, lakini niliona haya, nikasema, "Starehe, kaeni." Shangazi akanitazama, akasema polepole, "Mama Esta, Mungu amekuweka kijana."

Hapo mama akaingia mbio: "Mama, nimemaliza vyombo, naomba ruhusa nikacheze!"

Kifungo kikaruka, kikaanguka miguuni pa mzee. Majirani walikwisha jaa dirishani. Mzee akakiokota, akamwuliza dada yake, "Ndiye huyu mchumba? Mbona Yona alisema ni mwembamba?"

Mama akakimbilia chumbani, mimi nikaangua kilio nikaeleza yote, nao wakaondoka bila hata chai. Nikajua posa imekufa. Kisimani hatukuinua macho, si mimi si mama, na baba hatukumwambia neno.

Jumapili wakarudi. Ami akasimama mlangoni, akakataa kuketi. "Kabla hatujasema lolote," akauliza, "leo nani ni nani?"

Baba akashangaa, akajibu kwa heshima zote, "Mimi ni baba yake, bwana." Watu wote wakavunjika mbavu, isipokuwa baba.

Niliolewa, namshukuru Mungu. Ila nimeapa: nguo yangu haitakaa tena mwilini mwa mtu, hata akiwa mamangu mzazi.