Sahani ya Pili ya Githeri

Mama Idah wa Kiganjo alikuwa mtu mnyenyekevu, isipokuwa kwa githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja. Hapo alijisifu mpaka sisi majirani tukachoka. Jina lake la kanisani lilikuwa Magdalene. Alikuwa mjane, alifua sare za wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Thika, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Idah.

Mwaka wa 1994 kikundi chetu cha akina mama kilifundishwa kupika kwa kikapu. Unachemsha chakula, unaingiza sufuria kwenye kikapu kilichoshindiliwa matambara, unafunika, nacho kinajiivisha bila makaa. Mwalimu alisisitiza kwamba maharagwe lazima yatokote kwanza dakika kumi kamili. Mama Idah alisikia sehemu ya makaa tu.

Siku ya ruracio ya Idah, yaani ya kuletewa mahari, wakwe walikuja kutoka Ruiru wakiongozwa na Mzee Gachau, baba yake Waweru, kijana aliyetaka kumwoa Idah. Alfajiri hiyo makaa yalikuwa yamelowa mvua. Mama Idah alipoona mvuke kidogo alisema inatosha, akafunga sufuria kikapuni. Hakuonja, kwa sababu mama yake alimlea na mwiko kwamba mwenyeji haonji chakula cha wageni. Nao wageni wa ruracio hawawezi kulalamika kwamba maharagwe yanagoma. Mzee Gachau alitafuna kwa bidii.

"Githeri ni tamu, mama," alisema, akaongezwa sahani ya pili.

Saa nane walianza kutapika nyuma ya bafu, wakifuata umri. Mzee alitangulia. Shangazi yake Waweru alipopata nafasi ya kupumua alisema kwa sauti, "Hawa wametuwekea sumu." Mazungumzo yalikoma hapo. Walipoondoka walisema hawatarudi, na Idah akajifungia chumbani akilia.

Jioni tulimwita Hayat, jirani yetu aliyefanya kazi kwenye maabara ya zahanati. Alitazama sufuria, akabonyeza haragwe moja kwa kidole.

"Mama Idah, hapa hakuna mtu ameweka kitu. Ni maharagwe yenyewe. Iko na protini fulani inasumbua tumbo vibaya. Ikichemka sana inaisha. Ukiipasha tu moto kidogo, inaweza hata kuzidi. Watatapika, kesho watakuwa sawa."

"Haiui?"

"Watu wazima kama hao, hapana. Lakini hiyo imebaki, mwaga."

Hakumwaga. Kesho yake asubuhi alivaa gauni la kanisani, akabeba kikapu kilekile, akaniambia nimsindikize Ruiru. Nilidhani ndani kuna sukari na majani ya chai ya kuombea msamaha. Ningejua, ningemfungia ndani, na hata leo nikikumbuka nakasirika.

Wakwe walitupokea bila kutupa mkono. Mama Idah alieleza maneno ya Hayat yote, moja baada ya jingine.

"Protini ndio nini?" shangazi akauliza. "Sisi tunajua sumu."

Mama Idah akafunua sufuria, akajipakulia. "Hii ndio ile mlikula. Kama niliweka sumu, nitafia hapa mkiona. Kama sikuweka, nitatapika tu."

Akala. Alimaliza sahani, akafuta mdomo, akapakua ya pili.

"Ya nini tena?" nikamnong'oneza, nikimvuta mkono.

"Mzee alikula mbili."

Kisha akakaa, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri nambari yake iitwe hospitalini. Hatukuletewa chai. Saa ya ukutani ililia mara moja, kisha tena. Shangazi alimtazama bila kupepesa macho. Mimi nilikuwa nikisali, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwishowe Mama Idah alisimama. "Mnisamehe," alisema, akatoka, akaelekea nyuma ya zizi la ng'ombe. Sote tulisikia.

Mzee Gachau alitazama saa. "Hata mimi ilikuwa muda kama huo," alisema.

Akainuka polepole, akachukua jagi la maji na taulo safi, akamfuata mwenyewe. Shangazi alibaki akitazama sufuria, halafu akaita jikoni wabandike chai.

"Pole, muthoni," nilimsikia mzee akisema kule nje. Ndivyo sisi huita mkwe.

Mama Idah aliinua kichwa ajibu, akashindwa, akainama tena. Mzee alimshikia jagi.