Siku Fundi Alipokuja Kutengeneza Mlango wa Uani

Ulikuwa mwaka ule mchele ulipopanda mpaka pilau ikawa chakula cha arusi tu, na sisi Waswahili wa mtaa wa Balsall Heath tukashindia makaroni kwa mchuzi wa nazi ya kopo, wengine wakasema ni matamu (uongo), na ndio mwaka nilioaibika hivi kwamba hata leo nikiingia mahali penye wanawake wakanyamaza, najua wananinyamazia mimi. Basi afadhali niseme mwenyewe kuliko msimuliwe na mwingine, maana huyo mwingine ataongeza chumvi na chumvi imeshajaa.

Mimi ni bibi yake Shabani. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kwa kazi moja sikuwa na mpinzani tangu Tanga mpaka hapa Birmingham: nilikuwa kungwi, somo wa mabibi arusi. Mabibi arusi wa kwetu waliokaa kwenye mkeka wangu siwezi kuwahesabu. Na kungwi mwenye heshima zake hakitaji kitu kwa jina lake. Sisi mwili wa mwanamke ni nyumba, ina sebule, ina mlango wa mbele, na kule nyuma, kule mnakokujua, ndiko mlango wa uani. Mwanamume naye ana msumari. (Msinikodolee macho, nyote mmefundwa hivyo hivyo.) Huo mlango wa uani nilikuwa nausema kwa neno moja tu, haufunguliwi, dini imekataza, kisha naruka haraka kwenda kwenye mambo ya udi na asumini.

Shabani ndiye mjukuu wangu wa kwanza, nimemlea mimi, ni fundi wa treni kwenye karakana ya Tyseley, mtanashati, nikitembea naye nilikuwa nainua kidevu kama nimevaa dhahabu. Akamwoa Rukia, fundi cherehani wa Tanga, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mpole, Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Nilimfunda mwenyewe, wakakaa nyumbani kwangu.

Haikupita miezi mingi nikamwona Rukia anakula makaroni kasimama. Nikamwambia, "Mbona hukai, mwanangu?" Akasema hajisikii kukaa. Nikamvuta chumbani nikafunga mlango, na hapo ndipo akaniambia, huku anaangalia zulia, kwamba Shabani aliona kwenye mikanda ya video watu wanaingilia uani, akataka na yeye, Rukia akasema anaogopa, Shabani akamwambia huku Ulaya kila mtu anafanya, basi akakubali shingo upande. Na Shabani, ambaye hajui lolote zaidi ya alichokiona kwenye televisheni, akaingia mkavu na kwa pupa kama mtu anayekimbilia basi.

"Hukumwambia aache?"

"Nilimwambia, bibi. Akasema nivumilie, ni kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza." Kisha akaniinulia macho. "Na wewe ulinifunda kuwa mume hanyimwi."

Nilitamani anipige kofi badala ya kusema vile. Damu ilikuwa bado inatoka, na maumivu yanazidi badala ya kupungua.

Nikampeleka kliniki ya mtaani, na Kiingereza changu nami ni cha dukani tu. Pale mapokezi wakasema mkalimani mwanamke atakuwepo baada ya siku mbili, leo yuko mwanamume. Na hapa ndipo nilipojichimbia shimo, wenzangu, kwa neno dogo tu. Nikasema leo leo. Nikadhani mimi, fundi wa maneno, nitapita katikati bila kulowa.

Mkalimani mwenyewe ni Papa Kasongo, Mkongo wa jirani, seremala, mzee wa kanisa, mtu mwema ambaye kila mwaka hutuletea viazi vya bustani yake. Mtu wa namna hiyo utamtajia nini? Nikajikohoza. Nikasema, "Mwambie nesi, mlango wa uani umeumia. Msumari uliingia mkavu, bila mafuta."

Papa Kasongo akakunja uso. "Mama, unasema ile mulango ya nyuma?"

"Ndiyo, wa nyuma."

"Na ile musumari ilimuchoma yeye?"

"Ilimchoma sana."

"Pole sana, mama. Hizi nyumba za huku ni za zamani, misumari yote iko mubovu."

Hapo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. Sikushtuka, nilifurahi kwamba ameelewa bila kuaibishana. Akamgeukia nesi akazungumza kirefu, nesi akatikisa kichwa kwa huruma, akamchoma Rukia sindano ya pepopunda mkononi. Halafu akataka kuliona jeraha. Rukia akamtazama Papa Kasongo, akakataa kwa kichwa, machozi yanamlengalenga, na mimi badala ya kumwomba mwanamume atoke nje nikasema halina haja, ni dogo. Tukarudi nyumbani na plasta. Plasta, wenzangu.

Jumamosi wanawake walikuwa kwangu kupika, kulikuwa na arusi jioni, nyumba imejaa kuanzia jikoni mpaka kizingitini, na karibu wote waliokuwemo nimewafunda mimi. Rukia nilimwacha juu kalala, nikasema ana mafua. Kengele ikalia. Mlangoni kasimama Papa Kasongo na sanduku lake la vifaa, shati limepigwa pasi.

"Jambo kwenu bamama," akasema, na sauti yake ni ya kuhubiri, haina kiasi. "Mama, nimekuja kutengeneza ile mulango ya nyuma. Nimeleta musumari mupya, na mafuta ya kupakaa, juu ile mukavu ikiingia kwa nguvu inapasua."

Mwiko ukaanguka kwenye sufuria. Kisha Bi Mwanahamisi, ulimi wake mnaujua, akauliza taratibu, "Karibu, fundi. Mlango wa uani wa nani?"

"Ya hapa, mama."

"Wa somo yetu huyu? Na umri wake huo?"

Wakaanguka kwa kucheka. Mwingine akashika ukuta, mwingine akasema, "Papa, ukimaliza upite na kwangu, wangu unalialia," naye maskini akajibu kwa adabu, "Nitapita, mama, kesho kisha kanisa niko na nafasi," na kicheko kikapanda mpaka nikadhani polisi watakuja. Mimi nimesimama na kisu cha vitunguu, jasho linanitoka, sina pa kuweka uso.

Papa Kasongo akaona wanacheka jambo la huzuni, akakasirika. "Si ya kucheka. Nilikuwa kliniki mwenyewe. Muke ya Shabani, ile musumari ilimuchoma vibaya."

Hapo kicheko kilikatika. Kila mtu alishajua ni nani na ni nini. Na tulipoinua macho, Rukia yuko kwenye ngazi kajifunga blanketi, anatetemeka, kasikia kila kitu. Sijui alitaka kusema nini. Akakaa kwenye ngazi kwa kishindo, akatoa ukelele ambao kila mwanamke pale aliuelewa bila tafsiri. Nilimshika paji la uso, lilikuwa kama kikaango.

Papa Kasongo ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari lake, misumari inachezacheza nyuma, na njia nzima ananiuliza kama ule wa kwanza ulikuwa na kutu.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke, na mkalimani yuko kwenye simu, binti wa Kikenya. Nikaanza tena, "Mlango wa..." Yule binti akanikatiza, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Shosho, sema tu vile kunaitwa. Mimi nimeshasikia yote."

Nikalitaja. Nikasema mkundu, kwa sauti, pazia tu ndilo linalotutenga na watu, mimi mwenye mvi hizi. Daktari hakupepesa hata jicho. Akauliza Rukia kachanika lini, homa imeanza lini, akampima, akasema kuna jipu limetunga usaha, lazima lipasuliwe leo.

Baadaye alikaa na sisi akasema waziwazi. Kwamba kule nyuma hakuna ute wake wenyewe kama mbele, na nyama yake ni laini, huchanika upesi. Kwamba anayeanza huanza polepole sana, na kilainishi cha dukani cha kazi hiyo, kingi, na kondomu, wala si mafuta ya mgando maana hayo huiozesha kondomu. Kilichotoka nyuma hakipelekwi mbele, ni maradhi. Maumivu ni mwili unasema simama, si jambo la kuvumilia. Damu isiyokatika au homa, hospitali, si kulala nyumbani. Na kabla ya yote hayo mwenye mwili awe anataka, na akisema acha, iachwe. Rukia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwenye simu, "Mwambie daktari mimi nilisema acha." Daktari akamshika mkono.

Dini yangu inakataza na nitaendelea kusema inakataza. Lakini neno haramu halikumzuia Shabani, wala halikuziba jeraha. Tangu siku ile anayekaa kwenye mkeka wangu husikia majina yenyewe ya vitu, na husikia kwamba mume hunyimwa. Wachache wanakuja. Wengine wanasema nimeharibika na uzee.

Rukia alisema akitoka harudi kwangu, anakwenda kwa Bi Mwanahamisi, yule yule aliyecheka. Sikumlaumu.

Shabani alinikuta kwenye korido ya hospitali na mfuko wa zabibu. Akaanza kwa Kiingereza, akaona simtazami, akaja kwa Kiswahili. "Bibi, ongea naye. Wewe anakusikiliza. Mwambie arudi nyumbani, watu wanaongea."

"Simwambii arudi."

Akapiga magoti pale pale, watu wanapita na vitanda vya magurudumu, mjukuu wangu wa kwanza, akanishika miguu aliyokuwa akiishika akijifunza kusimama. "Bibi, ni mimi."

"Simwambii arudi."