Kibanda cha Elisante Chakosa pa Kukaa Rashidiya

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu, na mwandishi yu tayari kuliapia mbele ya kadhi na padri kwa siku moja. Mwenye shaka afike Rashidiya, Dubai, aulize nyumba ya Bi Hilwa.

Saa moja asubuhi, Ijumaa moja ya Desemba 2009, pikapu inarudi kinyumenyume kuelekea geti la nyuma la nyumba hiyo. Mgongoni imebeba kibanda kizima cha mbao, na paa lake na mlango wake. Mwanamume mrefu, suruali ya ulinzi ameikunja hadi magotini, anampungia dereva mikono yote miwili.

"Njoo, njoo, njoo... Khalas, basi! Sharifu, unataka kuniua kabla sijavuna?"

Huyo ndiye Elisante, Mchaga wa Machame, mlinzi wa jengo moja refu kule Jumeirah Lake Towers. Siku sita za wiki anasimama mlangoni kwa muda wa saa kumi na mbili, akiwafungulia wengine. Mshahara ni dirham elfu moja na mia mbili, na nusu yake huvuka bahari kwenda kwa mama watoto. Siku ya saba ni ya mchicha.

Na mchicha wenyewe! Marubani wanaotua uwanja wa ndege wa jirani huinua magurudumu kidogo wasije wakaukwaruza.

Shamba ni ua wa nyuma wa Bi Hilwa, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Dubai kabla ya maghorofa. Amewagawia Waafrika Mashariki vipande bila kodi. Yeye hupata fungu lake la mboga, basi. Ardhi ilikuwa chumvi tupu. Elisante ameilisha samadi ya ngamia miaka mitatu, akiibeba kwa magunia ndani ya basi, abiria wakihama viti mmoja mmoja.

Jumatatu iliyopita Bi Hilwa alijikwaa kwenye jembe lililoachwa njiani, akaanguka. Hakuvunjika, lakini alifoka.

"Mie mtu mzima, mnantegea kama panya! Ijumaa magharibi nikikuta chombo nje, uwa wote natia saruji."

Elisante akahangaika huku na huku, hadi madam mmoja aliyekuwa anarudi kwao akampa kibanda chake cha vyombo vya bustani, chakavu lakini kizima. Alishukuru, akakipokea, ndipo akakumbuka kwamba hana pa kukiweka. Hajaacha hata shubiri moja tupu.

"Hata njia niliipanda vitunguu," anasema, akijikuna kichwa.

Penye nafasi ni mahali pamoja tu: mpakani kati yake na Agnes, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Bukoba, mwenye migomba. Na Agnes hamsalimii tangu siku walipogombania mpira wa maji.

Kwa hiyo, kibanda kikiwa bado juu ya pikapu, Elisante anafanya alivyolelewa. Anamwomba Bi Hilwa jani la lile ua la chungu lililopo sebuleni, ambalo kwao ndilo isale. Uchagani, anayekuja na isale hakataliwi. Hata kosa kubwa husamehewa. Analishika kwa mikono miwili, anamfuata Agnes, anainamisha kichwa.

Agnes analitazama jani, anarudi nyuma. Kwao Uhaya mmea huohuo hupandwa kuonyesha shamba la mtu linaishia wapi.

"Unaniletea mpaka? Elisante, unaniwekea mpaka kwenye migomba yangu?"

"Dada Agnes, naomba..."

"Huombi, unapima! Nyie Wachaga nawajua. Leo jani, kesho hoteli!"

Sharifu anacheka hadi anaangukia usukani; pikapu inapiga honi yenyewe.

Elisante jasho linamtoka. "Kwetu hili ni la kuomba msamaha, dada. Nilikosa kukunyang'anya mpira. Na kibanda hakina pa kukaa. Jua likizama, bibi anamwaga saruji. Mchicha wangu, migomba yako, vyote kwisha."

Agnes anamsogelea. Analichukua jani, analizungusha vidoleni.

"Ungeanza na mdomo, si jani." Anakwenda mpakani, analichomeka ardhini. "Mimi kwangu mpaka ni mpaka. Kikae hapahapa juu yake, nusu kwako, nusu kwangu. Ila mlango usitazame upande wako peke yake."

"Kina mlango mmoja tu."

"Kwani Dubai nzima haina msumeno?"

Baada ya swala ya Ijumaa, kibanda kinashushwa. Elisante ameng'oa safu mbili za vitunguu, Agnes amekata mgomba mmoja. Ni kizito; hapo mwandishi aliingia chini, akashika kona nzito kuliko zote, na bila yeye kingekuwa kingali njiani. Kisha ukutani unakatwa mlango wa pili.

Kabla ya magharibi Bi Hilwa anakuja na bakora yake kukagua. Anaingia kwa mlango wa Elisante, anapita katikati ya majembe yaliyotundikwa, anatokea kwa Agnes.

"Hapo sasa," anasema. "Saruji nitamuuzia jirani."

Elisante amekaa kizingitini, anavua viatu. "Kiangazi jua huua kila kitu. Mwaka ujao nitalea miche kivulini humu ndani, inshallah niwe wa kwanza kupanda. Na nikirudi Machame, kipande changu nitamwachia mgeni asiye na mtu hapa. Nilipofika, mimi sikuwa na mtu."

Kabla ya kupelekwa gazetini, simulizi hii ilisomwa kwa sauti mbele ya kibanda. Uongo wa marubani uliachwa upite. Kwenye kona nzito, Agnes akainua mkono.

"Simama hapo. Kona ipi? Mzee wewe ulikuwa kwenye kiti cha bibi unakula kaimati!"

"Na sahani kailamba," Bi Hilwa akaongeza.

Hukumu ilitoka papo hapo. Ijumaa hii mwandishi yumo ndani ya shimo la mgomba mpya wa Agnes, samadi ya ngamia imemfika magotini, koleo mkononi. Juu yake amesimama Elisante, anamwonyesha kwa kidole.

"Anzia pale, mzee. Kona ile ndiyo nzito."